Kanda Ishirini na Mbili za Bi Zuhura

Bi Zuhura alifariki mwezi uliopita, akiwa amejilaza kitandani, muda mfupi baada ya kula chakula cha mchana na kulalamika kwamba chumvi imezidi. Mjukuu wake aliponipa habari hiyo kwa simu nilicheka kwanza, ndipo nikalia. Nilisafiri kwenda Morogoro kwenye hitma. Nyumba yake ya Kichangani bado imesimama, na chumba cha mbele, kile chenye mlango wa kutokea barabarani, siku hizi amepanga msusi wa nywele. Siku ile msusi alikuwa amefunga kazi kwa heshima ya marehemu, viti vyake vimepangwa ukutani, na sisi wanawake tukatandikiwa mikeka humo humo. Tukala pilau kwa mkono, watano watano kwenye sinia moja. Nilikuwa nimeegemea ukuta ambao zamani ulikuwa na rafu, nikawasikia mabinti wawili nyuma yangu wakinong'onezana. Mmoja alisema simu yake ina filamu zaidi ya atakazoweza kumaliza maisha yake yote, na kila akikaa kutazama anakosa ya kutazama. Mwenzake akamwambia, "Muulize yule mama, wanasema ndiye aliyekuwa akiuza filamu na bibi." Binti akanigusa bega, akanisalimia shikamoo, akauliza, "Eti mama, wewe unanishauri nitazame nini?" Nilimwambia ale kwanza. Nilikuwa na jibu, lakini lilikuwa refu kuliko sinia la pilau.

Mambo ya kuzaliwa kwangu Matombo, ya shule ya misheni na ya wazazi wangu, nayaruka. Yana mahali pake. Ninachotaka kusimulia ni mwaka mmoja tu, nilipokuwa na miaka ishirini na mmoja, nami naitwa Restituta lakini hakuna aliyekuwa na muda wa kulimaliza jina hilo, kwa hiyo nilikuwa Resti. Biashara ilikuwa imeruhusiwa. Maduka ambayo rafu zake zilikuwa tupu tangu tulipokuwa wadogo yalikuwa yamejaa sabuni za rangi tatu, redio kubwa kama masanduku, na televisheni. Ukiyafikiria sasa ni mambo ya ajabu kidogo, maana watu wa bara tulinunua televisheni wakati hakukuwa na kituo hata kimoja cha kutuletea picha. Televisheni peke yake ilikuwa pambo la sebuleni, linafunikwa kitambaa cha kudarizi na kuwekewa maua ya plastiki juu yake. Aliyetaka pambo hilo liseme ilimbidi awe na deki, na mwenye deki ilimbidi awe na kanda, na kanda ndiyo iliyokuwa kazi ya Bi Zuhura.

Alikuwa mjane wa miaka kama hamsini hivi, mzaliwa wa Kondoa aliyeolewa Morogoro, mnene, mwenye sauti ya kupita ukuta. Alichukua chumba chake cha mbele, akatengenezesha rafu za mbao ngumu, mbao za kupinga mchwa, kama alivyoziita mwenyewe, akaweka kaunta na benchi moja, akawa anakodisha kanda za video. Mimi alinichukua kwa sababu moja tu: nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na niliweza kusoma Kiingereza kinachopita chini ya picha. Nililala chumba cha uani, nikala chakula chake. Asubuhi magimbi ya kuchemsha na chai ya mdalasini. Mchana wali wa Turiani na maharage ya nazi, na kisamvu kama kipo. Alikuwa na desturi ya kuonja kila chungu na kukitolea hukumu kabla hajanawa. Nilinenepa mwaka ule. Wenzangu niliosoma nao walikuwa wakitafuta kazi za ofisini, na zile ofisi zilikuwa zinapunguza watu, lakini mimi nilikuwa nimekaa kwenye kivuli, nimeshiba, nikifuta vumbi kwenye kanda. Nikikumbuka utulivu wa siku zile bado nauona kama zawadi ambayo sikuiomba.

Wateja walitaka aina mbili za filamu, za karate na za Kihindi. Waliomba kwa kueleza: "Nipe ile anayepigana akiwa amelewa," au "Ile ambayo mapacha wanapotezana kwenye treni." Hizo zilitoka na kurudi mpaka picha zikawa na mvua ya michirizi. Lakini rafu ya chini kabisa ilikuwa na kanda ishirini na mbili ambazo hazikuguswa. Bi Zuhura alizipata kwenye mnada wa vitu vya nyumbani. Mzungu mmoja mtaalamu wa kilimo alikuwa anarudi kwao, akauza deki, televisheni na sanduku la bati, na kwa kuwa sanduku lilikuwa limefungwa, Bi Zuhura alilinunua akidhani lina mashuka. Lilikuwa na filamu. Zilikuwa za nchi mbalimbali, nyingine zina maandishi ya Kiingereza chini, nyingine hazina hata hayo, na majina yake yalikuwa yameandikwa kwa mkono kwa lugha tusiyoijua. Hakukuwa na ngumi ndani yake, wala nyimbo.

Mwanzoni mwa masika mpwa wake alikuja kutoka Dar es Salaam akaahidi kumwazima filamu mpya za karate azinakili. Kanda tupu zilikuwa adimu. Bi Zuhura akaangalia rafu ya chini, akasema, "Hizi zote tunarekodi juu yake. Zinakula nafasi kama wageni wasioaga."

Mimi nilikuwa nimetazama nne tu kati ya hizo, mchana, saa za jua kali ambazo wateja hawaji, pazia limeshushwa. Moja ilikuwa ya hakimu aliyeanza kuwa kiziwi akaficha, akawa anaamua kesi kwa kuangalia nyuso. Nyingine ilikuwa ya mjane aliyerithi lori la mumewe bila kujua kuliendesha. Sikujua kwa nini zilinishika. Nilijua tu kwamba nilipotoka kufungua mlango baada ya ile ya hakimu, niliwatazama watu wa barabarani usoni, mmoja mmoja, kana kwamba sijawahi kuwaona.

"Bi Zuhura," nikasema, "watu hawazikodi kwa sababu hawazijui. Niachie niwaeleze."

"Uwaeleze nini? Mtu anakuja anataka ngumi, wewe umweleze hakimu?"

"Nipe muda tu."

Aliichovya chapati kwenye chai, akatafuna, akafikiri. "Mpaka masika yaishe. Kila moja itoke mara tatu. Isiyotoka mara tatu, tunaifuta, na sitaki kuona machozi kwenye kaunta yangu."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi ambayo wakati ule haikuwa na jina. Nilitazama zote ishirini na mbili, moja kila mchana, na nyingine mara mbili. Nikazipa majina ya kwetu: Ya Hakimu, Ya Lori, Ya Daraja, Ya Mzee wa Stesheni, Ya Mfumaji. Zile zenye maandishi nilizitafsiri kichwani, nikawa namsimulia mteja mwanzo wake mpaka mahali pa utamu, halafu nanyamaza. Ya Lori nilimpa mama ntilie wa stendi ya Msamvu aliyekuwa akipikia madereva. Aliirudisha akiwa amecheka mpaka sauti imekauka, akawaambia wenzake, na ikatoka mara sita ndani ya mwezi. Ya Hakimu ilichukuliwa na karani wa mahakama, akairudisha, kesho yake akaja kuichukua tena amwonyeshe mkewe. Nikaanza kujiona mjuzi. Nilitembea kidogo kama mtu mwenye duka lake.

Ndipo akaja Mama Fortu. Alikuwa mwanamke mwembamba wa Kiluguru aliyeuza njegere na karoti sokoni, na sura yake niliijua kutoka kanisani. Aliingia saa za adhuhuri, kapu tupu begani, akakaa kwenye benchi bila kuangalia rafu.

"Resti mwanangu," akasema, "nasikia unajua kumchagulia mtu kanda."

"Najaribu, mama."

"Baba Fortu amepunguzwa kiwandani tangu Novemba. Kiinua mgongo chake chote kilichobaki amenunua televisheni na deki. Anakaa mbele yake. Lakini hasemi. Ukimwuliza utakula, anatikisa kichwa. Karate anaitazama kama anatazama ukuta. Miezi mitano sasa, mwanangu, nyumba ina watu wawili na sauti ni yangu tu." Alilipangusa benchi kwa kiganja, pahali ambapo palikuwa safi. "Nipe kanda itakayomfanya aseme."

Mumewe, Mzee Kobelo, nilimfahamu kwa mbali. Alikuwa fundi wa mashine za kufumia katika kiwanda cha nguo, miaka zaidi ya ishirini, mtu aliyekuwa akivaa ovaroli lake la bluu hata Jumapili jioni. Nilifikiri kwa muda mfupi mno. Nikatoa Ya Mzee wa Stesheni. Ni filamu ya mtu aliyekuwa akipungia treni bendera. Njia ya reli inafungwa, lakini kila asubuhi anaendelea kuvaa kofia yake na kufagia jukwaa ambalo hakuna treni itakayosimama. Niliiona nzuri kuliko zote. Nikamwambia Mama Fortu, kwa kujiamini kabisa, "Hii inamhusu. Atajiona humo."

Alijiona. Siku ya pili yake, mvua ikiwa imekatika kidogo, Mzee Kobelo aliingia dukani mwenyewe. Mwili mkubwa, nywele zimeanza mvi, matope mpaka kwenye vifundo. Niliinuka nikasema shikamoo. Hakuitikia, na kwa mtu wa umri wake kutoitikia shikamoo ni kama kukupiga kofi. Akaiweka kanda kwenye kaunta, taratibu, kwa vidole viwili.

"Wewe ndiye uliyempa mke wangu hii?"

"Ndiyo, mzee."

"Nilikukosea nini, binti?"

Wateja wawili waliokuwa wakichagua walijifanya wanasoma majalada.

"Mke wangu ameniketisha mbele ya maiti yangu mwenyewe, ameniletea na chai. Yule mtu na ufagio wake. Mnataka nijue kwamba mji mzima unanichungulia?" Sauti yake ilikuwa na kutu ya kutotumika. "Sikuitazama hata nusu. Usimpe tena kitu chochote."

Akatoka. Bi Zuhura, aliyekuwa ukumbini nyuma ya pazia akisikia yote, alikuja akasimama karibu nami. Nilidhani atafoka. Alisema tu, "Amesema." Kisha akairudisha kanda kwenye rafu, "Lakini si hivyo alivyotaka mkewe. Kesho utakwenda kuomba radhi, na hutakwenda mikono mitupu."

Nimefanya makosa makubwa zaidi maishani, lakini si mengi ninayoyakumbuka kama lile. Nilikuwa nimejua filamu vizuri na sikuwa nimemjua mtu hata kidogo. Nilisikia neno moja, kupunguzwa, nikaona neno hilohilo kwenye rafu, nikayaunganisha kama mtoto anavyounganisha picha zinazofanana. Hata leo naona watu wazima wakifanya hivyo: mwenzao amefiwa, wanamletea hadithi ya msiba; ameachwa, wanamletea ya talaka. Wanadhani wanamfariji. Nimemtazama mtu akipokea kitu kama hicho kwa adabu, na nimeona mkono wake ukikiweka chini mara tu mleta zawadi alipogeuka.

Nilikwenda na mkungu mdogo wa ndizi kutoka kwetu. Nyumba yao ilikuwa juu kidogo, Bigwa, mahali ambapo mlima unaanza kuhisika miguuni. Mama Fortu alinipokea uani. Tulisikia kutoka ndani sauti ndogo ya chuma, tik, tik, tik, ikisimama na kuendelea. Nilimwuliza ni nini. "Saa ya ukutani," akasema. "Imekufa zamani. Anaifungua, anaifunga. Akimaliza anaifungua tena." Niliingia, nikapiga goti kidogo, nikasema shikamoo, nikaomba radhi. Mzee Kobelo alikuwa amekaa mezani, vipande vya saa vimepangwa juu ya gazeti kwa mstari, kimoja hakigusi kingine. Hakuniangalia lakini safari hii aliitikia, "Marahaba." Mama Fortu akaleta ugali na mlenda, na kwa kuwa huwezi kukataa chakula nyumbani kwa watu, nilikula nao. Nilikuwa naangalia mikono yake. Alipoona uzi umetoka kwenye ukingo wa kitambaa cha meza, aliushika, akaufuata kwa kidole mpaka ulipoingia, akaukaza, akaulaza mahali pake, yote hayo bila kuacha kutafuna. Nilimaliza kula nikiwa nimeacha kufikiri kuhusu kazi aliyoipoteza.

Jumamosi ya wiki iliyofuata nilirudi na Ya Mfumaji kwapani. Ilikuwa ngumu kuliko zote ishirini na mbili kumpa mtu. Haikuwa na maandishi chini, na lugha yake hata Bi Zuhura, aliyedai kuijua kila lugha kwa kusikia matusi yake, hakuitambua. Mama mmoja katika nchi ya milima mikavu anafuma blanketi la harusi ya binti yake. Hayo ndiyo yote. Anafuma, anapika, anagombana na dada yake, anafuma. Mama Fortu aliniona mlangoni akashika kifua.

"Amekataa, Resti. Umesahau?"

"Sikuja kumletea yeye. Nimekuja utazame wewe. Yeye akitaka atoke, atoke."

Tukakaa sisi wawili kwenye kochi, tumefunika magoti kwa kanga maana mvua ilikuwa imeleta baridi. Mzee Kobelo alikuwa mezani, ametupa mgongo, na saa yake. Filamu ikaanza. Robo saa ikapita, mama wa kwenye filamu anatandaza nyuzi zake, ndefu, kutoka upande mmoja wa chombo hadi mwingine. Nikasikia tik, tik imenyamaza. Sikugeuka. Mama Fortu alitaka kugeuka, nikamfinya paja.

"Hapana," sauti ikasema nyuma yetu.

"Hapana, mama. Mtande umelegea upande wa kushoto." Kiti kikavutwa. "Huyo atakatiwa nyuzi, mtaona. Zile zinazonyooka ndizo mtande, lazima zilingane kwa kukaza, zote, kama nyuzi za zeze. Sasa yeye amekaza za kulia tu." Alikuwa amesimama nyuma ya kochi. Kule kwenye filamu uzi ukakatika, tap. "Nimesema!" Alipiga kiganja chake kwenye mgongo wa kochi mpaka tukaruka. "Si nimesema?"

"Umesema, Baba Fortu," mkewe akajibu, na sauti yake ilikuwa ndogo sana.

Kuanzia hapo hakunyamaza. Alizunguka akakaa kati yetu. Alieleza mshindio, ule uzi unaokatiza, na kwa nini unapigwa mara mbili na siyo moja. Alimsifu yule mama pale alipogundua kosa lake na kufumua kazi ya siku tatu. "Huyo ni fundi. Wengine wangeficha. Kiwandani tulikuwa na kijana mmoja, alificha kosa moja, tukatupa robo ya vitenge vya wiki nzima." Akacheka. Halafu akasimulia juu ya kijana yule, na juu ya msimamizi aliyekuwa akiogopa paka, na jinsi walivyokuwa wakisikilizana ndani ya kelele za mashine kwa kusoma midomo. Akatuonyesha, akasema sentensi nzima bila sauti, na Mama Fortu akaisoma akaona aibu. Filamu iliisha tukiwa hatujui kama binti aliolewa. Ilibidi tuirudishe nyuma. Nilipoaga jua lilikuwa bado lipo, na nilipofika kona ya njia nilimsikia bado anaongea.

Kesho yake alikuja dukani. Aliniita Resti. Aliuliza kama ni kweli deki yetu inakula kanda, maana mkewe amemwambia, akaifungua juu ya kaunta akaisafisha kwa spiriti na kipande cha kanga, akasema tulikuwa tukiitesa. Tangu siku hiyo kila kanda iliyokatika aliiunga yeye, kwa wembe na gundi ya karatasi, na kiungo chake kilipita kwenye picha kama kufumba jicho. Kiwanda hakikufunguliwa tena, na sitaki kusema kwamba huzuni yake iliisha. Kuna siku alikuja, akakaa kwenye benchi, akaangalia barabara. Lakini sasa alikuwa akikaa mahali ambapo watu wanaingia na kutoka, na mtu akimsalimia anaitikia.

Ishara ya kwamba amepona kidogo niliipata mwishoni mwa masika. Bi Zuhura alikuwa amekaa na daftari, anahesabu kanda zilizotoka mara tatu. Mzee Kobelo alikuwa na bisibisi mdomoni. Akaitoa akauliza, bila kutuangalia, "Ile ya bendera na ufagio bado ipo?"

"Ipo," nikasema. "Imetoka mara moja tu." Sikusema ni nani aliyeichukua.

"Niandikie. Mtu akianza kitu amalize."

Aliirudisha Jumatatu. Nilimwuliza aliionaje, nikiwa tayari kwa lolote. "Yule mzee hakuwa mjinga kama nilivyodhani," akasema. "Alikuwa anafagia kwa sababu ni pachafu." Kisha akamwambia Bi Zuhura amwandikie tena, ili shemeji yake wa Kihonda aitazame, na hiyo ikawa mara ya tatu.

Masika yakaisha. Kati ya kanda ishirini na mbili, kumi na nne zilikuwa zimetimiza sharti. Nane zilishindwa. Nilijitetea kidogo, Bi Zuhura akaniambia neno ni neno, na nisingeweza kumlaumu. Aliyapokea majaribio yangu yote ndani ya chumba chake, na mpwa wake alikuwa amekwishaleta zile za karate. Tulifanya kazi hiyo alasiri, deki mbili zimeunganishwa kwa waya, moja inacheza, nyingine inarekodi. Kanda ya kwanza kufutwa ilikuwa Ya Daraja. Bi Zuhura alinipa niitie mwenyewe. "Wewe ndiye uliyeijua," akasema, "siyo mimi." Nikabonyeza. Hakuna kitu unachokiona. Taa ndogo nyekundu tu, na magurudumu mawili yanazunguka.

Kunakili kanda moja kulichukua saa mbili, na mtu hawezi kuondoka, maana umeme ukitetereka inabidi uanze upya. Bi Zuhura akaleta mchele kwenye ungo, tukakaa chini sote wawili kuuchambua. Akaona uso wangu. Hakunibembeleza, haikuwa kawaida yake.

"Ilikuwa inahusu nini, hiyo?" akauliza.

Nikamweleza kwa kifupi. Kijiji kimoja kiliahidiwa daraja.

"Sijakuuliza kwa kifupi. Tuna saa mbili."

Nikamsimulia yote. Jinsi kijiji kilivyoahidiwa daraja na wakaanza kupanga maisha yao kana kwamba lipo. Waliochumbia wasichana wa ng'ambo, aliyenunua baiskeli, mzee aliyeuza mtumbwi wake. Nilieleza sura zao na nguo zao, mahali walipokaa, jinsi maji yalivyokuwa na rangi ya chai. Nilipofika kwa mzee wa mtumbwi Bi Zuhura aliacha kuchambua. Mama Fortu alipita kutoka sokoni, akasikia, akatua kapu. Jirani wa pili alikuja kuazima kinu akakaa juu yake. Taa nyekundu ilizimika kabla sijamaliza, na hakuna aliyeinuka kwenda kuitazama.

Ikawa hivyo alasiri nane. Kila kanda iliyofutwa niliisimulia ikiwa inafutwa, na kila siku mkeka uliongezwa. Mzee Kobelo alikaa mlangoni, akinisahihisha pale nilipotaja chombo chochote chenye magurudumu. Siku ya tano niligundua kwamba nimeisahau sehemu moja ya kati, nikaijaza kwa akili yangu, na nikaona wanawake wameinama mbele zaidi kuliko walivyoinama kwa ile ya kweli. Nilishtuka. Sikumwambia mtu, lakini nadhani Bi Zuhura alijua, kwa sababu alinitazama vile alivyokuwa akitazama chungu kabla ya kukitolea hukumu, akaendelea kuchambua mchele.

Siku ya tisa nilikuwa nikifagia duka. Karate zote nane zilikuwa rafuni, zina majalada mapya. Walikuja hata hivyo. Mama Fortu na kapu lake, jirani wa kinu, karani wa mahakama na mkewe ambao sikuwahi kuwaona wakitembea pamoja, na nyuma yao Mzee Kobelo. Bi Zuhura alitoka ndani na ungo, akakaa, akaunyoosha mguu wake ulio na maumivu.

"Haya," akasema. "Leo tunafuta ipi?"

"Zimekwisha, Bi Zuhura. Ya jana ndiyo ilikuwa ya mwisho."

Aliwatazama watu waliokaa mkekani, kisha akanitazama mimi niliyesimama na ufagio. Akachota mchele kiganjani, akapuliza pumba.

"Basi tunga," akasema.